Hatua Mia Tano na Hamsini

Mama mkwe wangu husema waziwazi, mbele za watu, kwamba kwenye mambo ya ndege haniamini, na sababu anazo. Siku tuliyojuana sawasawa nilikuwa nimening'inia kwenye mkanda wa kiti cha rubani, pua ya ndege imejichimbia mtaroni na mkia uko juu kama wa bata anayetafuta chakula chini ya maji. Alikuja mbio akichechemea, akasimama nje ya dirisha langu, mikono kiunoni, anahema. Alinikagua toka utosini mpaka kifuani, akaona nina pumzi na macho yanazunguka. Halafu akasema, "Nilikuambia nusu mzigo."

Hakuna pole, hakuna umeumia wapi. Pole zilikuja baadaye, na hazikutoka kwake.

Sasa nimweleze huyu mama, maana ukimkuta njiani na kofia yake ya majani, viatu vya mpira ameviweka kwapani badala ya kuvivaa, utadhani ni mtu anayetoka kuchuma mboga. Watu humwita Bi Hatua. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametunza kiwanja cha ndege kisicho na jengo, uzio wala lami. Ni kipande cha nyasi tu, mita mia nane kwenye karatasi, kinaanzia nyuma ya zahanati, kinateremka kidogo na kuishia ukingoni mwa korongo. Mvua zikikolea barabara ya magari hukatika, na hapo dawa, barua na wagonjwa hupita angani au hawapiti kabisa. Kuna soksi ya upepo iliyopauka, ya kuonyesha upepo unavumia wapi, kuna banda la mabati lenye fyekeo, toroli na ndoo ya chokaa, na kulikuwa na mawe mawili makubwa yaliyopakwa chokaa, moja kila upande wa nyasi, kuonyesha nusu ya kiwanja. Hayo mawe uyakumbuke, maana ndiyo yaliyotupeleka kwenye kesi.

Kazi aliipata kwa sababu ya mbuzi. Alikuwa mfagizi wa zahanati, ana binti mdogo mgongoni na mume aliyekwenda kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Ndege ya kwanza ilipotaka kutua, mbuzi walikuwa wamelala katikati ya nyasi wanacheua, na watu wazima wanane wamesimama pembeni wanashauriana nani awafukuze. Yeye alitoka na ufagio. Rubani akiwa bado anazunguka angani aliwaona mbuzi wanatawanyika na mwanamke mmoja yuko nyuma yao, na alipotua swali lake la kwanza lilikuwa yule ni nani. Wiki hiyo hiyo mfagizi akawa mtunza kiwanja, na ufagio ulikuwa ule ule.

Walimpa karatasi iliyoandikwa mita mia nane, hawakumpa cha kupimia. Basi akapima kwa miguu. Alitembea toka mwanzo wa nyasi hadi korongoni, akapata hatua elfu moja na mia moja, akagawanya kwa mbili, akarudi mwanzo, akahesabu mia tano na hamsini, akasema, "Hapa." Jiwe likawekwa. Kila kiangazi aliyaondoa mawe kwa toroli, akafyeka nyasi zilizoota kuyazunguka, akayapaka chokaa upya, kisha akayarudisha kwa hesabu ile ile kutoka mwanzo. Ndipo jina lilipotokea.

Lakini mawe yalikuwa kazi ya mara moja kwa mwaka. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kisigino. Asubuhi, umande haujakauka, anavua viatu, anavitia kwapani, anatembea kiwanja kizima pekupeku. Kila baada ya hatua kumi anasimama, anakandamiza kisigino cha kulia kwa uzito wake wote, ambao si haba, kisha anatazama. Kisigino kikiacha alama tu, anapandisha kitambaa cheupe mlingotini: njoo, ondoka, jaza unavyotaka. Kikizama kiasi cha kidole, anapandisha cheupe na chekundu pamoja: nusu mzigo. Kikizama mpaka kifundo cha mguu ni chekundu peke yake, na hapo hata rubani awe nani, atakaa. Njiani anaziba mashimo ya fuko kwa kokoto, na anawasema hao fuko kwa sauti, kama watu wanavyowasema majirani wabaya. "Dunia yote hii, mmeona hapa tu ndipo pa kuchimba?"

Sisi marubani tulimheshimu, ila tulikuwa na nung'uniko moja. Kwenye viwanja vya nyasi kuna kanuni ambayo kila rubani hufundishwa: ukifika nusu ya kiwanja, uwe umeshapata mwendo wa saba katika kumi ya ule wa kuinukia. Kama hujaupata, kata nguvu ya injini, kanyaga breki, rudi ukapunguze mzigo, usibishane. Sasa kwa miaka mitatu hivi, kwenye kiwanja cha Bi Hatua, tulikuwa tunafika kwenye jiwe na mwendo hautoshi. Tunaghairi, tunarudi, tunashusha gunia. Viwanja vingine vyenye nyasi kama hizo tunaruka na mzigo ule ule bila shida. Tukakiita kiwanja kizito. Tukalaumu nyasi, tukalaumu joto, fundi wetu akalaumu injini, na bosi wetu, mwenye ndege tatu na sauti ya ndege sita, akatulaumu sisi.

Kwa hiyo siku yangu ilipofika, mimi na lile jiwe tulikuwa tayari hatuelewani.

Mvua ilikuwa imenyesha kutwa nzima ya jana yake. Nilikuja kumchukua afisa mifugo, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa amemaliza ziara ya kuchanja ng'ombe. Alikuwa na masanduku manne na gunia la maharage alilopewa na wafugaji. Mlingotini palikuwa na vitambaa viwili. Bi Hatua alinifuata mpaka kwenye bawa.

"Nusu mzigo, baba. Ama yeye, ama masanduku."

"Mama, si unaona jua limewaka?"

"Jua liko juu. Wewe utakimbilia chini."

"Nitakuwa mwangalifu."

"Mwangalifu angeanza kwa kuacha gunia."

Nilicheka, nikafunga mlango. Wenzangu walikuwa wamenibandika jina la Kapteni Haraka, na badala ya kuona aibu nililivimbia kichwa. Nikapakia vyote: afisa, masanduku, maharage.

Ndege ilianza kukimbia na matope yanaipiga tumboni. Tulipofika kwenye jiwe mwendo ulikuwa sita katika kumi. Nakiri kwamba macho yalisoma na kichwa kilielewa. Lakini nikaanza kubishana: jiwe hili siku zote lina kisirani, ongeza kidogo, itashika. Mabishano yalichukua sekunde tatu, na mshale wa mwendo muda wote huo umeganda palepale. Halafu nikaliona korongo linavyokuja, nikakata nguvu na kukanyaga breki.

Breki kwenye nyasi zenye maji ni sawa na kukanyaga sabuni. Tuliteleza kiwanja chote kilichobaki, gurudumu la mbele likaingia kwenye mtaro wa kutolea maji ambao Bi Hatua aliuchimba kwa mikono yake, pua ikainama, propela ikajikunja, gunia likapasuka. Kisha maharage yakaanza kutunyeshea, shingoni, ndani ya shati, kila mahali. Afisa mifugo, kwa sauti ya mtu aliyesinzia kwenye basi, akauliza, "Tumefika?"

Kutoka pua ya ndege mpaka ukingo wa korongo zilikuwa hatua tisa. Najua kwa sababu kuna mama alizihesabu kwa sauti, nikisikia.

Aliyenifungua mkanda alikuwa nesi wa zahanati, yule binti wa mgongoni, sasa mtu mzima mwenye koti jeupe. Alinikanda mbavu, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho, akasema pole sana, hakuna kilichovunjika. Kisha akainama na kibano, akatoa harage sikioni mwangu, akalidondosha kwenye kisahani cha chuma.

"Na hili tuliandike kwenye kadi yako?" akauliza.

Nilikuwa nimenusurika kufa nusu saa tu iliyopita, na bado nikapata nafasi ya kuona kwamba ana kishimo shavuni.

Siku ya tatu akaja mkaguzi wa ajali, mtu mkimya mwenye viatu vya kung'aa ambavyo viliacha kung'aa kabla ya saa nne. Alikifunga kiwanja, akatoa tepu ndefu ya kupimia. Toka mwanzo hadi korongoni akapata mita mia nane, sawa na karatasi. Toka mwanzo hadi kwenye jiwe akapata mia tatu na thelathini. Akarudia. Ikawa hiyo hiyo.

"Mama," akasema, "nusu ya mia nane ni ngapi?"

"Mia nne."

"Hapa ni mia tatu na thelathini. Mbele zimebaki mia nne na sabini. Hii ni nusu ya nini?"

Bi Hatua alitazama tepu, akatazama jiwe, akatazama na jiwe la ng'ambo, ambalo lilikuwa limelingana na mwenzake kabisa. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu bila sauti. Halafu mkono wake ukashuka taratibu, ukashika goti la kushoto.

Miaka mitatu kabla ya hapo beberu alimpiga kumbo akaangukia mtaroni, na goti halikurudi kuwa goti. Hatua ikafupika. Kila mwaka alihesabu mia tano na hamsini bila kuruka hata moja, ila hatua zenyewe zilikuwa zimesinyaa na hakuna aliyemwambia. Nusu ya pili hakuwahi kuihesabu tena. Kwani nusu si nusu? Kumbe kiwanja kizito hakikuwa kizito hata kidogo. Tulikuwa tunapimwa mwendo mita sabini kabla ya wakati, na magunia yote tuliyoshusha kwa miaka mitatu, tukiyasukuma na kulaani, tuliyashusha kwa sababu ya goti la mama mmoja.

Mimi nilitaka kucheka. Mkaguzi hakutaka. Alisema jiwe likiwa mahali pasipo pake, watu wanaweza kufa. Keshokutwa angesikiliza kila upande, kisha angeamua mambo mawili: leseni yangu, na kama kiwanja kitaendelea kuwa mikononi mwa Bi Hatua au kitafungwa mpaka apatikane mtu mwingine. Bi Hatua aliitikia kwa kichwa, akavaa viatu vyake, akaenda kukaa kwenye banda peke yake.

Bosi alinipigia simu mchana huo huo. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Una bahati wewe," akasema. "Sema jiwe lilikuchanganya. Hapo hujasema uongo, jiwe kweli halikuwa mahali pake. Yule bibi amechoka, mwache apumzike. Wewe bado kijana. Leseni ikienda utafanya nini, utauza maharage?"

Nikamjibu nitafikiria, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafikiria. Nililala kwenye chumba cha wageni cha zahanati, chenye kitanda cha chuma na kioo kilichopasuka, na mbele ya kioo hicho nilijizoeza ile sentensi mpaka ikawa laini. Jiwe lilinichanganya, bwana mkaguzi. Ilitamkika vizuri sana. Nikikumbuka leo nilivyokuwa naipamba kwa mikono, naona haya peke yangu chumbani.

Asubuhi ya kesi nilitoka nje kupiga mswaki, nikamwona Bi Hatua kiwanjani, pekupeku, viatu kwapani, anakandamiza kisigino.

"Mama, si kimefungwa?"

"Fuko hawajaambiwa."

Nikamfuata na mswaki wangu. Hakunifukuza. Tukaenda hivyo, anaziba shimo, tunaendelea, mimi nashika toroli. Tulipofika kwenye jiwe alilipiga kofi dogo, kama anavyopigwa mtoto aliyekosea lakini bado ni wako.

"Watamleta mtu mwenye tepu," akasema. "Sawa. Ila umwambie tepu haijui tope. Kisigino asikiache." Sauti ikamkatika, akajifanya anakohoa. "Mimi sina kingine ninachokijua, mwanangu. Nakijua hiki tu."

Nikajifanya naangalia chini, na chini ndipo nilipoiona michirizi ya magurudumu yangu. Ilianzia mbele kidogo, pale nilipokanyaga breki. Nikaipima kwa hatua kutoka kwenye jiwe: mita sitini na kitu, zile sekunde tatu za ubishi. Nikaifuata mpaka mtaroni, mpaka kwenye zile hatua tisa za mwisho, nikachungulia korongoni. Chini kabisa kulikuwa na mawe ambayo hakuna mtu aliyeyapaka chokaa.

Hapo akili ikanijia. Jiwe lingekuwa pale tepu inapotaka, ningelifika na mwendo ule ule mbovu, kwa sababu mshale ulikuwa umeganda. Na ningebishana sekunde tatu zile zile, maana Kapteni Haraka ni mmoja, hana wa akiba. Breki ningezikanyaga mita sabini mbele zaidi. Na mimi nilikuwa nimebakiwa na hatua tisa, tena za goti bovu. Nilisimama na mswaki mdomoni mpaka povu likakauka.

Kesi ilisikilizwa kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa, chini ya picha ya mikono inayonawa. Mkaguzi alikaa kwenye meza ya kupimia watoto wachanga, mizani ameisogeza pembeni. Nesi alisimama mlangoni. Afisa mifugo, shahidi, alichukua benchi zima. Bi Hatua hakungoja kuulizwa.

"Jiwe niliweka mimi," akasema. "Hesabu ni yangu na goti ni langu. Kijana alikosea mzigo, lakini jiwe si lake."

Mkaguzi akanigeukia. Sentensi yangu laini ilikuwa tayari iko kwenye ulimi. Nikaimeza, na haikushuka kirahisi.

"Jiwe halikunichanganya," nikasema. "Niliambiwa nusu mzigo, nikapakia wote. Nilifika kwenye jiwe mwendo hautoshi, na nilijua hautoshi. Nikapita. Nimebishana na jiwe sekunde tatu, na hizo sekunde nilizipata bure kwa sababu liko karibu kuliko inavyotakiwa. Lingekuwa mahali pake, bwana mkaguzi, leo ungekuwa unapima korongo."

"Na maharage," akasema afisa mifugo. "Yaandikwe maharage."

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza Bi Hatua anajuaje ardhi imelowa kiasi gani, na yule mama, badala ya kueleza, akavua kiatu. Wakatoka wote wawili. Dirishani tuliona mkaguzi anavua viatu vyake, anavua na soksi, moja imetoboka kidole gumba, anaanza kukanyaga nyasi anakoonyeshwa. Bi Hatua anasema hapa, kisigino kinazama. Anasema pale, hakizami. Walikaa huko karibu saa nzima. Aliporudi miguu ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo, na uso ulikuwa wa mtu mwingine.

Mimi nilifungiwa miezi sita, na nilistahili. Bi Hatua alibaki na kiwanja chake. Amri ilikuwa moja: yawekwe mawe mapya mawili kwenye nusu ya kweli, kwa tepu, na tepu yenyewe mkaguzi akamwachia kama zawadi.

"Na haya ya zamani niyatupe?" akauliza Bi Hatua.

Mkaguzi alikuna kidevu. "Sheria inataka mawe kwenye nusu. Haijakataza mengine."

Basi yakabaki. Tuliyapaka rangi nyekundu tukayaita mawe ya goti, na mpaka leo marubani wengi huanza kuangalia mwendo wao pale. Ile tepu Bi Hatua aliitumia mara moja kiwanjani, halafu akaitumia kupimia mapazia.

Miezi yangu sita sikutaka kuikaa nyumbani nikihesabu dari. Nilimwendea nikaomba kazi, akanipa fyekeo bila maneno mengi. Nilifyeka, nilizibua mitaro, niliwasema fuko. Alinifundisha kisigino, na wiki ya kwanza alinicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu nilikuwa nakanyaga kwa adabu, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa. "Kanyaga, baba! Ndege yako itakanyaga kwa adabu?" Mchana tulikula nyuma ya zahanati, watu watatu kwenye benchi la watu wawili, na hapo mimi na nesi tuliongea mambo ambayo mama mtu alijifanya hayasikii. Nilipoona yameiva, nilipiga pasi shati nikamwendea. Nilimkuta ananoa fyekeo, jambo ambalo halikunisaidia.

"Mama, nimekuja kwa heri."

"Najua. Ameshaniambia."

"Basi?"

Alijaribu makali kwa kidole. "Nimekuona ukiruka mara nyingi, baba. Sijakuona ukiacha."

Akaendelea kunoa, nikajua kikao kimekwisha.

Leseni iliporudi, moja ya safari zangu za mwanzo ilikuwa kumpeleka yeye mwenyewe mjini, hospitali ya mifupa, akatengenezwe goti. Miaka ishirini na miwili anaondoa ndege za watu, hajawahi kupanda hata moja. Asubuhi alitembea kiwanja chote, akakandamiza kisigino, akapandisha kitambaa cheupe kwa mkono wake. Nesi alikuwa anamsindikiza. Nilipofika kwenye ndege mlinzi wa zahanati alikuwa ameshapakia kila kitu: sanduku, kapu, na gunia fupi lililofungwa kamba nyingi.

"Mama, hili gunia lina nini?"

"Mahindi. Zawadi ya dada yangu."

"Limepimwa?"

"Unataka kunipimia zawadi, baba?"

Najua. Rubani hupima kila kitu. Lakini hakuna rubani aliyewahi kuposa akasimama kupima gunia la mama wa mchumba, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza. Nikalikadiria kwa macho, nikawafunga mikanda, yeye kando yangu, nesi nyuma.

Nikasukuma injini. Ndege ikaanza kukimbia, na toka mwanzo niliisikia nzito. Bi Hatua alikuwa ameshika magoti yote mawili, anatazama mbele bila kupepesa. Jiwe la goti likaja. Nikasoma mshale: haujafika saba. Ulikuwa umebakiza kidogo tu, kidogo cha kukasirisha, na kiwanja kilikuwa kikavu, na mbele kulikuwa na nafasi tele, na pembeni yangu alikaa mtu ambaye nilitaka sana anione nikiruka vizuri. Sikubishana. Nilikata nguvu, nikakanyaga breki, tukasimama hata jiwe jipya hatujalifikia.

Niligeuza ndege, tukarudi mwanzo taratibu, masikio yananiwaka, nangoja nipewe vidonge vyangu. Niliposimamisha injini akasema tu, "Shusha gunia."

Nilipolishika mgongo ulilia. "Mama, mahindi gani haya?"

"Shusha, baba. Tunachelewa."

Mara ya pili tulipita jiwe la goti mwendo umezidi, na tukainuka korongo likiwa bado mbali. Nilizunguka mara moja juu ya zahanati, makusudi, nikainamisha bawa upande wake.

"Ndicho hicho?" akauliza.

"Ndicho."

"Kidogo hivyo?" Alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Miaka yote hii nafyeka hicho?" Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Nami yalinilenga, nikasingizia jua. Aliyatafuta mawe yake kwa kidole, akayapata, mekundu kwanza kisha meupe, na hakuyaachia mpaka kiwanja kikapotea nyuma ya bawa. Halafu, bila kugeuka, akamwambia binti yake, "Huyu mchukue."

Nesi akajibu kwamba ameshanichukua muda mrefu, alikuwa anangoja tu mama amalize ukaguzi.

Wiki tatu baadaye nilimrudisha na goti lake lililotengenezwa. Lile gunia lilikuwa bado limekaa bandani, na mimi, mkwe mtarajiwa mwenye adabu zake, nikaona nilifungue nigawanye mahindi kwenye mifuko midogo, niyafikishe kwa dada mtu kidogo kidogo. Nikakata kamba. Zilikuwa kokoto. Kokoto za kuzibia mashimo ya fuko, gunia zima, juu zimefunikwa na mahindi kiasi cha viganja viwili.

Nilimkuta amekaa nje, mguu juu ya kigoda.

"Mama, mahindi ya dada yako ni magumu."

Hata hakushtuka. "Ulichelewa kuyaona."

"Kama ningelipita lile jiwe je?"

"Ungekuwa na zile mita sabini zangu za akiba. Na ardhi niliikanyaga mwenyewe. Ningekushika sikio, ungekata."

"Mama, nesi alikuwa ndani. Wewe ulikuwa ndani!"

Alinitazama kama ananionea huruma kwa uzito wa kichwa changu. "Sasa mwanangu ningempandisha na mtu nisiyemwamini?" akasema.

Mara akakumbuka msimamo wake, akaniambia nisije nikayatangaza hayo kwa watu, kisha akanituma nikachukue toroli, hizo kokoto nizimwage kiwanjani, maana fuko walikuwa wamechimba tena karibu na jiwe.